Chopa inakuja kwenu? Andaa uwanja hivi kabla haijafika

Siku hizi chopa si kitu cha kuona kwa TV tu. Harusi, matanga, kampeni, au mgonjwa amezidiwa na barabara imekatwa na mafuriko, mara unasikia chopa inatua shule ya msingi saa nane na kijiji kizima kinakimbia kwenda kuitazama. Wengi wanadhani usalama wa hiyo kitu ni shughuli ya rubani na mafundi wa huko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, peke yao. Mimi nimekuwa nikipokea chopa kwenye viwanja vya vumbi kwa miaka kadhaa sasa na nawaambia kutoka moyoni, kazi kubwa iko huku chini kwa sisi tunaosubiri, kwa hivo kama wewe ndio umepewa hiyo kazi soma hadi mwisho.

Kwanza uwanja. Kwa chopa ndogo kama R44 au H125 tafuta mita 30 kwa 30 hivi, ukipata zaidi chukua zaidi, hasa ikiwa inakuja jioni. Pawe tambarare, nyasi fupi, hakuna mashimo wala visiki. Alafu inua macho, manake adui mkubwa ni nyaya za stima. Rubani akiwa juu waya hauoni, anachoona ni milingoti tu tena akibahatika, kwa hivo zunguka uwanja mzima kwa miguu, hesabu kila waya, hata ule mwembamba wa kwenda kwa nyumba ya mwalimu mkuu, na umpigie simu umwambie uko upande gani. Usiseme tu "uwanja uko sawa". Sema "kuna waya upande wa mashariki unapita juu ya lango". Na ukituma lokesheni, ingia katikati ya uwanja wewe mwenyewe ndio utume ile pini, usitume ukiwa kwako sebuleni. Ongeza alama ya kuonekana kutoka juu, kanisa lenye bati la bluu, daraja, kitu kama hicho, kwa sababu shule zenye jina moja ziko nyingi na mafuta ya chopa hayangoji mtu atafute.

Upepo nao. Chopa inapenda kutua ikiuelekea upepo. Funga kitambaa kwenye mti mrefu, mbali na sehemu ya kutua, kifungwe kabisa, rubani akikiona anajua. Kama umeambiwa umwongoze, simama ukiupa upepo mgongo, uso uelekee uwanja, mikono juu, na ukishaona amekuona toka hapo urudi kwa watu wako.

Sasa vumbi, na hapa nitakaa kidogo. H125 ikijaa inafika kilo 2,250. Ili ikae hewani lazima isukume hewa chini kwa nguvu ya kubeba huo uzito wote, na hiyo hewa yote inakuja kwenu. Nimeona viti vya plastiki vikiruka kama karatasi, nimeona bati la jiko likibanduka na kuangukia pale mama mmoja alikuwa amesimama dakika moja tu iliyopita, na kosa lilikuwa letu sisi wapokeaji, hatukuwa tumeangalia upande ule. Kwa hivo tenti, viti, mabango, leso za kuanikwa, karatasi za nailoni, mchanga wa ujenzi, vyote viondolewe au vilaliwe na mawe mazito. Mwaga maji. Ita boza kama lipo, kama halipo watu wabebe mitungi, uwanja ulowe vizuri nusu saa kabla ya kutua na uongeze tena ukiona jua kali linaukausha.

Watu hawaelewi vumbi linafanya nini. Rubani akiwa futi chache kutoka chini linamfunika kabisa, hajui tena kama anaenda mbele au anateleza kando. Anahitaji kitu cha kutazama. Unajua ile helikopta ndogo ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyokuwa sayari ya Mars, Ingenuity? Iliruka mara 72, ya kwanza Aprili 2021, na ya mwisho Januari 2024 ikavunjika panga, lile bapa linalozunguka, wakati wa kutua. Wachunguzi wakasema chanzo kinachoelekea zaidi ni kwamba ilikuwa juu ya mchanga mtupu usio na alama, kamera yake ikakosa kitu cha kushika ili ijue inasonga vipi. Huko Mars hakuna hata mtu! Kwa hivo wewe hapo kwenu mpe rubani alama, magunia yaliyojazwa mchanga pembeni kabisa mwa uwanja, nje ya zile mita 30, au chora H kwa chokaa iliyokorogwa na maji ikauka. Chokaa ya unga usimwage, itapanda yote machoni.

Watu wakae mbali, mita 50 na zaidi, na wote wawe upande mmoja ambao rubani anauona. Weka kamba, weka vijana unaowaamini, ongea na chifu na walimu mapema. Watoto ndio wa kwanza kukimbia ikishagusa chini, lazima kila kundi liwe na mtu mzima wa kulizuia. Ng'ombe na mbuzi pia, usicheke, mbuzi akishtuka hajui anakokimbilia.

Mapanga. Tafadhali hapa soma polepole. La juu kwa R44 linazunguka kama mara 400 kwa dakika na bado unaliona kidogo, lakini lile la mkiani linapita mara 2,000 na haulioni kabisa, unaona hewa tupu. Usiende nyuma ya chopa, hata kama imetua, hata kama umeita mtu na hasikii, hata kama mzigo uko upande wa pili. Kuna aina zenye panga la mkiani lililofichwa ndani ya duara, kama EC130, hizo zina nafuu, lakini usizoee, kesho itakuja yenye panga wazi.

Unaisogelea hivi. Subiri rubani akupe ishara, dole gumba au kichwa. Nenda kutoka ubavuni ukielekea mbele kidogo, mahali macho yenu yanakutana, ukiwa umeinama, unatembea, hukimbii. Kama ardhi ina mwinuko usije kabisa kutoka upande wa juu, manake hapo panga linakuwa karibu na kichwa chako, njoo kutoka upande wa chini na uondokee huko huko. Kofia vua, leso funga, na kitu kirefu kama fito, mwavuli au bendera kibebe kikiwa kimelala kiunoni, kamwe usikiweke begani. Kofia ikipeperuka iache iende! Na ukiona mapanga yanapunguza mwendo usidhani hatari imeisha, hapo ndio yanashuka chini zaidi, na upepo ukivuma ghafla panga linaweza kuinama likafika kichwani. Subiri yasimame kabisa, ni dakika chache tu.

Wenye kupanda, mkiulizwa uzito semeni ukweli pamoja na wa mabegi. Wilson peke yake iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, chopa inayobeba watu wanne vizuri kule Mombasa asubuhi inaweza kushindwa na hao hao wanne ikiwa milimani saa nane. Kilo kumi ulizoficha kwa aibu rubani anazipanga kama hazipo. Ukiingia funga mkanda, angalia ncha ya mkanda isibaki ikining'inia nje ya mlango, na mlango ufungwe taratibu.

Lingine ni hili, na linaniuma kuliko yote. Usimshinikize rubani. "Mheshimiwa anachelewa", "watu wamengoja tangu asubuhi", "wingu ni dogo tu hilo". Ajali ya chopa ya Kobe Bryant, yule nyota wa mpira wa kikapu, tarehe 26 Januari 2020 kule Calabasas, California, iliua watu tisa. Wachunguzi wa Marekani walisema rubani aliendelea kuruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje tu, akaingia mawinguni, akapoteza mwelekeo, na moja ya mambo yaliyochangia ni presha aliyojiwekea mwenyewe ya kumfikisha mteja. Hakuna hata aliyemlazimisha! Sasa fikiria ukiongeza na simu kumi za kamati. Rubani akisema leo hapana, mwambie asante, tafuta gari. Na nyinyi mnaokodisha, ulizeni kama kampuni ina cheti cha uendeshaji cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kama bima inahesabu abiria, kama chopa ina tenki la mafuta la kustahimili kishindo, kama inafuatiliwa kwa setilaiti. Si utovu wa adabu kuuliza.

Teknolojia inakuja na mimi naifurahia sana. Tarehe 5 Februari 2022 kule Kentucky, Marekani, chopa ya kijeshi aina ya Black Hawk iliruka na kutua bila mtu yeyote ndani. Kuna chopa zenye autopailoti inayoweza kuishikilia hewani palepale rubani akizidiwa, na kuna vyombo vya kuruka vya umeme kama vya kampuni ya Joby vyenye propela sita. Ila angalia, hivo vya umeme vinajisifu kwa kutokuwa na kelele. Chopa ya leo unaisikia ikiwa mbali, una muda wa kuwaita watoto. Ya umeme itakuwa juu yako kabla hujageuka, na propela zake ni nyingi. Kwa hivo hii tabia ya kamba, umbali na kungoja ishara watoto wajifunze sasa hivi. Na kaunti zinazojenga hospitali mpya, tafadhali acheni kiwanja wazi kisicho na nyaya upande mmoja, mkishajenga ukuta na kupitisha stima juu yake itakuwa gharama mara mbili.

Ikija usiku, usimulike angani na tochi wala flashi ya simu, unampofusha rubani. Gari mbili ziwashe taa za chini zikielekeza katikati ya uwanja, zikae upande ambao upepo unaelekea ili asitue akitazamana nazo, na zizime rubani akiomba. Moto wa matairi hapana.

Ikiondoka kamba ibaki palepale. Watu hulegea wakati huo, wanadhani kwisha, kumbe upepo wa kupaa ni ule ule na wakati mwingine rubani anarudi chini ghafla akihisi kitu hakiko sawa. Subiri hadi sauti ipotee. Alafu pita uwanjani uokote misumari, waya na vipande vya chupa, na uandike kwenye daftari nyaya ziko wapi na upepo ulitoka wapi saa ngapi, manake siku itakapoitwa ya mgonjwa hautakuwa na nusu saa ya kuzunguka tena.