Kabla ya kulipia omeprazole, soma maandishi madogo

Ukiandikiwa omeprazole, dawa ya kiungulia, usiangalie bei ya boksi. Gawanya bei kwa idadi ya kapsuli, maana boksi la 14 laweza kuonekana rahisi kuliko la 28 huku kila kapsuli ikikugharimu zaidi.

Kinachopandisha bei kuliko vyote ni jina la kibiashara. Losec na kapsuli isiyo na jina kubwa zote ni omeprazole. Chini ya jina kubwa utaona imeandikwa omeprazole 20 mg, na hapo ndipo pa kulinganisha. Mwambie mfamasia: "Nipe omeprazole 20 mg ya bei nafuu uliyo nayo." Esomeprazole (Nexium) ni ndugu yake wa karibu sana, na mara nyingi huuzwa ghali zaidi. Kama daktari ameiandika, muulize kama omeprazole ya kawaida itakufaa. Tazama pia nguvu: 40 mg moja na 20 mg mbili ni dozi ileile, ila bei huachana. Zilizochanganywa na domperidone (dawa ya kichefuchefu) si dawa ileile. Usiuziwe kama mbadala.

Unafuu usikufanye upokee iliyoharibika. Omeprazole haipatani na unyevu: chembechembe za ndani zikigeuka kahawia, irudishe. Na usizisage wala kuzitafuna, kwani ganda lake ndilo linaloikinga dhidi ya asidi ya tumbo. Meza nusu saa kabla ya chakula.

Ukipata choo cheusi au chakula kikikwama kooni, nenda hospitali kwanza.