Siku tatu za mwisho Bangkok: jinsi ya kumaliza safari ya shanta bila kununiana

Tuliingia Bangkok Jumamosi alfajiri kwa basi la usiku kutoka Chiang Mai, mimi na mume wangu. Ilikuwa mwezi wa Juni, na tumebakiwa na siku tatu na pesa za kuhesabu. Wiki tano tulikuwa tumezimaliza Vietnam, Laos na kaskazini mwa Thailand, na kila nguo ilikuwa inanuka shanta. Hapo hapo mapokezi ya nyumba ya wageni tukagombana kwa sababu ya chaja. Chaja! Haya ninayoyaandika ni tuliyojifunza baada ya ugomvi ule, kwa wawili watakaofika mji huo wamechoka kama sisi.

Kabla ya hekalu lolote, tazama tarehe

Ndege yetu ya kupitia Addis Ababa iliandikwa saa 00:40, Jumanne. Kwa saa zetu hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku. Mume wangu alikuwa ameshapanga: Jumatatu usiku tukale vizuri mjini, Jumanne tufunge mizigo. Angetuachisha ndege. Bibi yangu asingekosea hata kidogo, maana kwake usiku hutangulia mchana; jua likishatua Jumatatu, huo ni usiku wa Jumanne. Basi hesabu kama bibi. Ndege ya usiku wa manane Jumanne unaiendea uwanjani Jumatatu baada ya magharibi.

Na ukiwa umeshika pasipoti, tazama na muhuri wa kuingilia. Siku uliyoingia Thailand inahesabiwa kuwa siku ya kwanza, na ukipitisha muda faini ni baht 500 kwa siku, mpaka ifike 20,000. Sisi tulikuwa tunaihesabu baht moja kama shilingi 70 na kitu za Tanzania, kwa hiyo piga mwenyewe uone.

Nikiwa bado kwenye saa: Wathai wana hesabu yao ya zamani ambayo Mswahili anaielewa bila kufundishwa. Saa 1 usiku wanaiita *nueng thum*, yaani moja. Saa 2 ni *song thum*, mbili. Mpaka saa 5, *ha thum*. Mama wa nyumba ya wageni alituambia mlango unafungwa "thum nne", wageni wa Kizungu wakabaki wanatazamana. Sisi tukaitikia tu. Saa 4 usiku, mama, tumeelewa.

Siku ya kwanza usiende popote mpaka alasiri

Peleka nguo kwa dobi. Mitaa ya karibu na barabara ya Khao San imejaa madobi wanaopima kwa kilo, na ukipeleka asubuhi unazipata kesho yake zimekunjwa. Halafu lala. (Khao San, kwa taarifa yako, maana yake ni mchele, ule ambao haujapikwa. Zamani ndio uliokuwa ukiuzwa pale. Siku hizi kinachouzwa zaidi ni kelele, kwa hiyo tafuta chumba mtaa wa nyuma.)

Kosa letu lilikuwa kujaribu kuiwahi Grand Palace siku ile ile. Ni kasri la wafalme lililoanza kujengwa 1782, na kiingilio cha mgeni ni baht 500. Mume wangu alikwenda na kaptula, akarudishwa mlangoni. Hapo nje tukakutana na bwana mmoja mtanashati, anatabasamu, anatuambia kasri limefungwa leo kwa ibada, lakini yeye anamjua dereva wa bajaji atakayetuzungusha mahekalu mengine kwa bei ya bure. Usipande. Ziara hiyo huishia duka la vito, na kasri huwa liko wazi vizuri tu. Bangkok ni mji mkubwa wa kukata na kuuza mawe ya thamani, nalijua hilo, lakini Mtanzania kwenda kuuziwa tanzanaiti na dereva wa bajaji wakati Mererani iko nyumbani, hiyo ingekuwa hadithi ya kusimuliwa barazani miaka kumi.

Kasri tukaliacha, na sijuti. Kwa siku za mwisho chagua hekalu moja la kuingia na moja la kutazama kwa mbali. La kuingia liwe Wat Pho, alimo Buddha aliyelala, urefu wa mita 46. Nyayo zake zimenakshiwa kwa lulumizi, na nyuma yake yamepangwa mabakuli 108 ya shaba ambamo watu hudondosha sarafu moja moja. Mimi sikudondosha, dini yangu si hiyo, lakini nilisimama muda mrefu nikisikiliza ule mlio. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga niliyoinunua soko la Darajani, Unguja, ilifanya kazi hiyo safari nzima, na ilikuwa pia taulo, shuka la basi na pazia. Ukibeba kitu kimoja kutoka nyumbani, beba kanga.

La kutazama kwa mbali ni Wat Arun, ng'ambo ya mto Chao Phraya. Jioni kaa upande wa Tha Tien, jua linazama nyuma ya mnara. Kabla ya hapo, kama miguu inaruhusu, vuka kwa kivuko ukauone kwa karibu, kwa sababu umevalishwa vipande vya sahani na bakuli za Kichina kuanzia chini hadi juu. Nilipoviona nikayakumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopachikwa bakuli za Uchina vile vile. Bahari ile ile, vyombo vile vile, mmoja kapamba hekalu, mwingine kaburi.

Mtoni panda boti ya bendera ya rangi ya chungwa. Tulilipa baht 16 kila mtu, uende karibu uende mbali. Ni daladala ya majini, ina konda na kikopo chake cha tiketi anachokigonga. Boti za watalii zipo, ni ghali zaidi, na mto ni ule ule.

Jumapili: soko kwanza, chakula baadaye

Chatuchak ndilo soko la kununulia zawadi, na siku zake ni Jumamosi na Jumapili. Fika saa 3 asubuhi. Ikifika saa 6 mchana, chini ya yale mabati ni tanuri. Duka ulilolipenda linunulie hapo hapo, usijidanganye kwamba utarudi. Tulikizunguka kichochoro kimoja mara tatu tukitafuta kitambaa, hatukukiona tena. Sanamu za Buddha ziache. Kuzitoa nchini kunahitaji kibali, na kwa siku moja iliyobaki hukipati.

Hapo ndipo mume wangu alipopenda kinu. Kinu cha jiwe, cha kutwangia pilipili, na mchi wake wa jiwe. Nilimwambia una shanta, huna lori. Akanijibu tui la Unguja litakutana na pilipili iliyotwangwa sawasawa. Kitu kizito hununuliwa siku ya mwisho au hakinunuliwi kabisa, lakini nani anamwambia mwanamume aliyekwishatoa pesa?

Kwa chakula cha halali, watu watakupeleka Sukhumvit Soi 3 (soi ni mtaa mdogo), kwenye migahawa ya Kiarabu na ya Kihabeshi. Sawa, lakini hayo si mapishi ya pale. Nenda Charoen Krung, Soi 36, kwenye vichochoro vya msikiti wa Haroon, karibu na gati ya Oriental. Kula *khao mok kai*: wali wa manjano na kuku, pembeni sosi ya kijani yenye nanaa. Ni binamu wa biriani, wala hahitaji kutambulishwa. Yaowarat, mtaa wa Wachina, usiku umechangamka kama Forodhani, ila nguruwe yuko kila kona. Kapite utazame, tumbo lishibishe kwingine.

Matunda ya Juni ni ya kumtoa Mzanzibari machozi. Doriani na shokishoki vimepangwa barabarani kama Mwera kwetu Unguja. Doriani kula pale pale unaponunua. Haliruhusiwi kwenye treni, na hoteli nyingi zimebandika picha yake mlangoni na mstari mwekundu juu.

Jumatatu asubuhi, tenganeni

Hili ndilo la maana kuliko yote niliyoandika. Wiki tano mmekuwa pamoja kwenye basi, chumbani, mezani. Gaweni pesa, kubalianeni saa, kila mtu ashike njia yake. Mimi nilikwenda kukandwa kwenye skuli ya ukandaji iliyomo Wat Pho. Mama aliyenikanda alinikunja kama mkeka, na bega lililoniuma tangu Laos likatulia. Mume wangu alipanda boti za mfereji wa Saen Saep mpaka Pratunam. Maji ni machafu, kaa katikati, na wenzako wakivuta kamba kupandisha turubai nawe vuta. Makonda hutembea ukingoni mwa boti na helmeti kichwani, maana madaraja ni ya chini. Pratunam ndiko wafanyabiashara wetu wanakofuata nguo za jumla, na kweli, baada ya dakika kumi alisikia mama mmoja akilalamikia bei ya dazeni kwa Kiswahili cha Kariakoo. Walisalimiana kama ndugu.

Tulipokutana saa 8 mchana tulikuwa na mambo ya kuambiana. Ilikuwa muda hatujawa nayo.

Chumba kinarudishwa saa 6 mchana na ndege ni usiku, kwa hiyo acheni shanta mapokezi na ulizeni mapema kama mtaruhusiwa kuoga jioni. Ogeni. Kisha nendeni kituo cha Phaya Thai mkapande treni ya uwanjani. Ni baht 45 mpaka Suvarnabhumi, kama nusu saa, na foleni ya magari ya jioni mnaitazama kwa juu. Hakikisheni kwanza uwanja ni huo, kwa sababu kuna na Don Mueang, na mwenye kukosea hana muda wa kurekebisha. Aliyenunua vitu vya baht 2,000 au zaidi duka moja na akapewa fomu ya kurudishiwa kodi, aulize forodha kama inahitaji kugongwa muhuri kabla ya kukabidhi mizigo.

Kwenye mizani shanta lake lilizidi kilo tatu. Kinu. Mchi wa jiwe huwezi kuingia nao ndani ya ndege mkononi, kwa hiyo vilibaki vyote viwili shantani, na zilizotoka ni nguo. Nilipita ukaguzi nimevaa magauni mawili, suruali yake yenye picha za tembo ndani na kanga juu, jasho linanitiririka, naye nyuma yangu anacheka peke yake.