Glavu za kupandia mti si za kubebea magogo: namna ya kuchagua

Ingia duka la vifaa vya ujenzi ukaulizie glavu za kazi ya miti, na mara nyingi utapewa zile nene za ngozi ya ng'ombe, zenye mkono mrefu, ambazo mafundi wa kuchomelea huzivaa. Kwa kuchomelea hazina kasoro. Kwa kupakia kuni kwenye fuso zinavumilika. Juu ya mti zinahatarisha, maana vidole havihisi kamba, fundo halifungiki sawasawa, na ule mkono mrefu hunasa kwenye kila kijiti.

Kabla ya kununua, igawe kazi. Kuna anayepanda, kuna anayeshika msumeno wa mnyororo, na kuna aliye chini anayeteremsha matawi na kubeba. Kila mmoja ana adui wake: kamba, mnyororo, au gome na vibanzi. Glavu inayomfaa mmoja huweza kumdhuru mwenzake. Kama unafanya zote tatu mwenyewe, nunua jozi mbili za aina tofauti badala ya jozi moja ya bei kubwa.

Kipimo kwanza

Glavu nyingi kwenye maduka yetu ni saizi 10, na wengi huzivaa hivyo hivyo, kubwa kwa ndogo. Hapo ndipo ajali huweza kuanzia. Chukua futi ya fundi cherehani, au uzi na rula. Zungusha kwenye kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, juu kidogo ya kidole gumba, pasipo kukihesabu kidole gumba chenyewe. Kisha pima urefu kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye mkunjo wa kifundo. Mzunguko wa milimita 178 na urefu wa 171 ni saizi 7. Milimita 203 kwa 182 ni saizi 8. Saizi 9 ni 229 kwa 192, na saizi 10 ni 254 kwa 204. Mzunguko ukikupa saizi moja na urefu ukakupa nyingine, mpandaji afuate mzunguko, kwa sababu glavu inayozunguka mkononi ni mbaya kuliko inayobana kidogo nchani.

Zijaribu pale pale dukani. Kunja ngumi: ngozi au kitambaa kisikusanyike kiganjani. Okota sarafu ya shilingi mia juu ya kaunta. Funga fundo la kamba ya viatu. Ukiona ncha za vidole zimebaki tupu na zinakunjika unapookota, shuka saizi moja. Pitisha pia kidole ndani uguse mishono, kwa kuwa mshono unaopita katikati ya ncha ya kidole utakutoa lengelenge kabla ya saa sita mchana. Kapime mchana, si asubuhi na mapema. Mikono huvimba kidogo kwa joto na kazi.

Anayepanda

Mpandaji wa kamba na mkanda anafanya kazi ya vidole kutwa nzima. Anafunga na kulegeza fundo la msuguano, lile linalobana kamba likibeba uzito na kuteleza likilegezwa, anafungua karabina, yaani pete ya chuma ya kuunganishia kamba, ambayo mlango wake unataka usukumwe, uzungushwe, ndipo ubonyezwe, anachomoa msumeno wa mkono kwenye ala. Kinachomfaa ni glavu ya kufumwa, nyembamba, iliyochovywa mpira kiganjani na kwenye vidole tu, mgongo ukaachwa wazi upate hewa, na kifundo chenye lastiki inayobana.

Mpira wenyewe una aina zake. Lateksi, yaani mpira wa asili, hushika vizuri sana kwenye kamba na kwenye gome lenye unyevu, na hubaki laini hata kwenye baridi ya Makete mwezi wa Julai. Lakini petroli na oili huuvimbisha, ukaanza kunata na kubanduka. Tena wapo watu ambao lateksi huwawasha, na hao waiache kabisa. Naitrili huvumilia mafuta, kwa hiyo anayejaza mafuta ya msumeno mwenyewe aichague hiyo, na aitafute ile yenye uso wa mchangamchanga, maana naitrili laini huteleza kwenye mkaratusi wenye umande. Polyurethani ni nyembamba kuliko zote na huacha vidole vikahisi vizuri, ila gome la msaji au la mwembe hulimaliza haraka.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: glavu ya namna hii haikukingi na moto wa kamba. Kamba ikipita kiganjani kwa kasi, msuguano huzaa joto kubwa. Nailoni huanza kuyeyuka karibu na nyuzi joto 220 na polyesta karibu na 250, na ngozi ya mtu huungua chini sana ya hapo. Glavu iliyofumwa kwa nailoni au polyesta ikipata joto hilo inaweza kugandia kiganjani. Dawa yake ni kushuka polepole. Kama mtindo wako wa kushuka unakulazimu kuibana kamba kwa mkono, tumia glavu yenye kiganja cha ngozi ya mbuzi, ambayo ni nyembamba, imara, na laini kuliko ya ng'ombe.

Glavu pana ina hatari nyingine. Ncha iliyobaki tupu ikiingia kwenye fundo la msuguano au kwenye kifaa cha kushukia, huvutwa ndani na kidole kikafuata. Uzito wako wote uko kwenye fundo hilo hilo, kwa hiyo huwezi kulilegeza mpaka upate pa kukanyaga. Ndiyo maana pia pete huvuliwa kabla ya kupanda, glavu ziwepo au zisiwepo.

Mkwezi wa minazi anayepanda kwa vidato, bila kamba ya usalama, yuko kwenye hali tofauti kabisa. Mkono wake wenyewe ndio kamba. Glavu ikizunguka hata kidogo kiganjani, mshiko umepotea. Ama apande mikono mitupu kama alivyozoea, ama avae glavu inayobana kabisa na akaijaribu kwenye mita moja ya shina kabla ya kwenda juu. Glavu ya kubebea mizigo asiiguse.

Anayeshika chensoo

Glavu za msumeno wa mnyororo huwa na nyuzi ndefu za kinga zilizofichwa mgongoni, mara nyingi mkono wa kushoto peke yake. Msumeno umeundwa kushikwa kwa mkono wa kushoto mbele na wa kulia nyuma, na mkono wa mbele ndio ulio karibu na mnyororo msumeno unaporuka nyuma. Hata mwenye shoto anapaswa kuushika hivyo hivyo, kwa hiyo asigeuze glavu wala asigeuze msumeno.

Tafuta alama yenye picha ya msumeno pamoja na maandishi ya kiwango cha usalama, EN ISO 11393-4, au EN 381-7 kwenye zile za zamani. Daraja 0 limejaribiwa kwa mnyororo unaokwenda mita 16 kwa sekunde, daraja 1 mita 20, daraja 2 mita 24. Misumeno mingi ikifunguliwa mafuta yote hufikia au huvuka mita 20, basi usidhani umevaa chuma. Nyuzi zile zikikatwa huvutika nje na kulijaza gurudumu la meno linalozungusha mnyororo mpaka lisimame. Kwa sababu hiyo glavu iliyokwisha kuguswa na mnyororo hutupwa. Ukiishona, uzi wa cherehani unazifunga zile nyuzi mahali pamoja, na siku ya haja hazitavutika.

Wapandaji wengi huzikataa juu ya mti kwa unene wake, na wana hoja. Lakini hoja hiyo isigeuke ruhusa ya kukata kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tawi. Hapo hakuna glavu ya kukuokoa.

Namba zilizochapwa mgongoni

Glavu halali ya kazi huwa na picha ya nyundo, maandishi EN 388, na chini yake namba kama 4X42C. Zisome kutoka kushoto. Ya kwanza ni kuhimili msuguano, kuanzia 0 hadi 4. Ngazi ya 4 ina maana ilisuguliwa mizunguko 8,000 pasipo kutoboka, wakati ngazi ya 1 ni 100 tu. Ya pili ni kukatwa kwa bapa la duara, na X inaonyesha kwamba hawakuipima. Ya tatu ni kuchanika. Ya nne ni kutobolewa. Herufi ya mwisho, A hadi F, ni kukatwa kwa bapa lililonyooka. Kwa kubeba magogo na mbao zisizorandwa, tafuta 4 mwanzoni na angalau 3 kwenye kuchanika. Kwa kupanda, 3 mwanzoni inatosha.

Kuna mitego miwili hapa. Hata herufi F haihusiani na chensoo, kwani bapa la maabara hupita mara moja polepole, na mnyororo hupita mamia ya meno kwa sekunde. Mtego wa pili ni ile namba ya nne. Chombo cha kutobolea maabara ni pini ya chuma yenye unene wa milimita 4.5. Mwiba wa mgunga ni mwembamba mno kwa kipimo hicho, na hupenya kirahisi glavu yenye alama nzuri.

Miiba, utomvu na upupu

Kwa migunga na michongoma, glavu ya kufumwa hufanya kazi ya chujio: miiba inapita. Hapa ngozi nene ina nafasi yake, hata yenye mkono mrefu, mradi uko chini na hakuna mashine inayozunguka karibu. Anayepogoa mtende au mchikichi ajihadhari na miiba ya kwenye shina la kuti. Ncha ya mwiba wa mtende ikikatikia karibu na kiungo cha kidole, kiungo huweza kuvimba kwa wiki kadhaa, na dawa yake ni hospitali, si sindano ya kushonea.

Utomvu wa mwembe na wa mkorosho huunguza ngozi. Mgrevilea huwatoa wengine vipele vinavyopanda hadi ndani ya mkono. Mnyaa ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa tone moja jichoni ni maumivu makali na macho kutoona kwa muda. Kwa miti hii chagua naitrili iliyochovywa glavu nzima, mgongo kwa kiganja, na usijifute jasho usoni nayo. Beba kitambaa mfukoni kwa kazi hiyo.

Mahali penye upupu, kitambaa cha mgongo wa glavu hukusanya vile vinyweleo, na utaendelea kujikuna siku nyingine ukizivaa tena. Ngozi au naitrili nzima hupanguswa na vinyweleo vikaisha.

Aliye chini

Anayeteremsha tawi kwa kamba avae ngozi yenye kiganja cha tabaka mbili, hasa kwenye bonde lililo kati ya kidole gumba na cha shahada, maana ndipo kamba inapopita. Azungushe kamba kwenye shina mara mbili au tatu ili mti ubebe uzito. Asiizungushe mkononi hata siku moja, glavu yoyote aliyovaa.

Sasa mahali pa kuvua. Kwenye msumeno wa duara wa kiwandani, kwenye drili, na kwenye kila kitu kinachozunguka, glavu huvutwa na mkono ukafuata. Heri kuchomwa na vibanzi vya mbao mikono mitupu. Kwenye mashine ya kusaga matawi, vaa glavu fupi zinazobana na kifundo kisicho na mkia, velkro wala kamba. Tawi linaloingia kwenye mashine huingia kwa nguvu, na kijiti kikinasa kwenye mkono mpana wa glavu huna muda wa kufikiri.

Glavu hizi zote hazizuii umeme. Ngozi ikilowa jasho hupitisha, na za kufumwa ni hivyo hivyo. Mti uliogusa waya, piga simu TANESCO au shirika la umeme la nchini kwako wakate laini kwanza.

Kuzitunza

Za mpira zifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ukiwa umezivaa, kama unanawa mikono, kisha zianike kivulini vidole vikitazama juu. Ngozi iliyolowa usiikaushe kwenye jiko au juani. Hukakamaa, ikapasuka kwenye mikunjo. Ikikauka kivulini, ipake mafuta ya mgando kidogo mgongoni, si kiganjani. Utomvu wa msindano uondoe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sugua kwa unga wa mbao ufyonze mafuta, la sivyo kesho zitateleza. Watu wengi hutumia petroli. Inaondoa utomvu kweli, lakini huikausha ngozi, huharibu lateksi, na huwasha mikono siku nzima, pamoja na kwamba umevaa kitu kinachoshika moto.

Kagua gumba na kidole cha shahada kila jioni, maana hapo ndipo huanza kutoboka. Glavu ya kupandia iliyobanduka mpira kwenye vidole hivyo viwili ishushe daraja iende kwenye kuni. Iliyotoboka kabisa itupe, usiipe mtoto wa kazi anayeanza.