Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Dansi ya Kielektroniki ya Miaka ya Themanini Mwanza

Anayetaka kuandaa usiku wa muziki wa dansi wa kielektroniki wa miaka ya themanini hapa Mwanza, iwe katika ukumbi wa Kirumba, katika bustani iliyoko Capri Point au kwenye ufukwe wa Ilemela, na aelewe kwanza kwa nini muziki huo bado unachezwa baada ya miaka arobaini, maana maandalizi yote yanategemea jambo hilo. Kwa maoni yangu, siri yake ni uchache. Wimbo hujengwa kwa pigo la mashine lisiloyumba, mstari mmoja wa besi, kinanda kimoja au viwili na maneno machache ambayo hata asiyejua Kiingereza hayamsumbui. Kati ya sauti na sauti hubaki nafasi, na nafasi hiyo huachiwa mchezaji. Mwandaaji mzuri ni yule asiyeiziba.

Uchache huo ulitokana na vifaa vyenyewe. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, haikuwa na rekodi ya ngoma halisi ndani yake. Ilitengeneza sauti zake kwa saketi za umeme, na mtumiaji alipanga mapigo kwenye safu ya vitufe 16. Wengi waliona haifanani na ngoma hata kidogo, na kufikia mwaka 1983 Roland ilikuwa imeacha kuitengeneza. Mashine ya besi ya Roland, TB-303, iliyokusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi, nayo haikudumu sokoni. Vifaa hivyo viliposhuka bei vikiwa vimekwisha kutumika, vijana wasio na studio waliweza kuvinunua. Kundi la Phuture la Chicago liliigeuza TB-303 kuwa sauti ya kukoroma na kujipinda katika rekodi ya “Acid Tracks” ya mwaka 1987, na huko Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliofahamiana tangu shule, walijenga muziki uliokuja kuitwa tekno. Kabla yao, mwaka 1982, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wa New York walikuwa wamechukua mawazo ya Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, wakayafanyia “Planet Rock”. Muziki uliotoka Ujerumani ukakubalika mtaani Bronx bila mkalimani hauna sababu ya kushindwa kukubalika hapa Mwanza, kwenye soko la Mwaloni.

Kazi ya kwanza ni kukusanya nyimbo, na hapa ndipo sherehe nyingi huharibikia. Usichukue toleo fupi lililotengenezwa kwa ajili ya redio. Tafuta toleo refu la santuri ya inchi 12, kwa sababu ndilo lililokusudiwa ukumbi: huanza kwa mapigo matupu ili dijei apate mahali pa kuliunganisha, hutoa ala moja moja katikati ili wachezaji wabaki na ngoma na besi, kisha huzirudisha taratibu. Santuri hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha kati ya mifereji yake, hivyo iliweza kubeba besi nzito na sauti kubwa zaidi. “Blue Monday” ya New Order, iliyotoka Machi 1983, ina urefu wa zaidi ya dakika saba, na sauti ya mwimbaji huchelewa kuingia kiasi kwamba mtu asiyeizoea hudhani ni wimbo wa ala tupu. Ukimpa msikilizaji toleo fupi la mwaka 1988, umempa wimbo mwingine. Jihadhari pia na mikusanyo ya nyimbo maarufu ambayo ndani yake mwimbaji yuleyule amerekodi upya wimbo wake miaka mingi baadaye. Linganisha urefu na mwaka wa kutoka, kisha usikilize mwanzo wake kwa makini kabla ya kuuweka kwenye orodha. Faili liwe na angalau kilobiti 320 kwa sekunde, kwa kuwa kasoro isiyosikika kwenye simu husikika vizuri sana kwenye sabufa.

Walio na kaseti za zamani nyumbani wanaweza kuzitumia, ila hewa ya ziwani ina unyevu na ukanda huota ukungu. Ikague kwanza kwa macho, izungushe yote mbele na nyuma mara moja, safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, kisha uinakili kwenye kompyuta. Usiipige moja kwa moja mbele za watu: kasi ya ukanda huyumba, na kuyumba huko huua lile pigo lisiloyumba ambalo ndilo lililowaleta.

Nyimbo zikishapatikana, pima kasi ya kila mmoja. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne, andika jibu pembeni ya jina. Mapigo 30 katika sekunde 15 ni 120 kwa dakika, na nyimbo nyingi za hausi, muziki uliozaliwa katika kumbi za Chicago alikopiga dijei Frankie Knuckles, zimekaa karibu na hapo. “Blue Monday” hufika takriban 130. Zipange kutoka polepole kwenda kasi, na unapounganisha mbili, uanze wimbo mpya kwenye pigo la kwanza la fungu la mapigo 32, kwa kuwa nyimbo nyingi za aina hii hubadilika kwa mafungu hayo. Kwa kuwa mashine ndiyo iliyoshika mwendo, nyimbo mbili zilizolinganishwa vizuri zinaweza kwenda pamoja kwa dakika nzima, jambo ambalo ni gumu kwa rekodi za bendi ambazo mpiga ngoma wake huharakisha kila anapopata furaha. Usiunganishe kila wimbo kwa haraka. Uache ufike katikati, pale ala zinapoondoka na kurudi.

Sasa tuje kwenye hadhira, ambayo ndiyo sehemu yenye utamu. Mwanza utapata mzee aliyecheza disko enzi hizo na mjukuu wake aliyekulia kwenye amapiano na singeli, wote katika uwanja mmoja. Wengi hufanya kosa la kuwatenga, saa mbili za wazee kisha saa mbili za vijana, na matokeo yake kila upande hukaa kitini ukisubiri zamu yake. Njia bora ni kuanzia kwa amapiano. Muziki huo wa Afrika Kusini una damu ya hausi, na kasi yake ya kawaida ni karibu mapigo 110 hadi 115, kasi ambayo ni ileile ya “West End Girls” ya Pet Shop Boys. Piga amapiano mbili au tatu zisizo na maneno mengi, punguza besi ya ile ya mwisho, ingiza wimbo wa miaka ya themanini chini yake, na vijana watajikuta wamo ndani kabla hawajauliza ni nini. Kutoka hapo panda hadi “Sweet Dreams” ya Eurythmics ya mwaka 1983, ambayo karibu kila mtu anaijua hata kama hajui jina lake, kisha hausi ya Chicago, kisha nyimbo za kasi ya 130.

Singeli inahitaji hesabu nyingine. Kasi yake huvuka mapigo 200, hivyo haiwezi kufuata “Blue Monday” bila kuonekana kama ajali. Hata hivyo wimbo wa mapigo 105 hushikana na singeli ya 210, maana pigo moja la kwanza hubeba mawili ya pili. Tena singeli ni jamaa wa karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ilitokana na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vya bei nafuu, vifaa vya kizazi kilekile cha mashine tunazozizungumzia.

Wapo watakaonung'unika kwamba nyimbo ni ndefu na zinajirudia. Wakumbushwe mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambapo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na ushindi huenda kwa linalovuta watu wengi: hakuna anayemaliza ngoma yake kwa dakika tatu, na mtazamaji hubaki kwa sababu anangoja badiliko dogo analojua linakuja.

Kuhusu vyombo, kodi sabufa mbili nzuri badala ya spika nane dhaifu. Teke la TR-808, yaani pigo lake zito la ngoma kubwa, liko chini sana na hudumu kwa muda, na spika ndogo haiwezi kulitoa hata ukipandisha sauti hadi mwisho. Ziweke sabufa pamoja chini, upande mmoja, kwa kuwa zikitengana mawimbi yake hufutana mahali fulani na wachezaji wa hapo hukosa besi kabisa. Vitufe vya besi vya mikisa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, viache katikati. Kipimo changu ni sauti ya makofi ya mashine: ikisikika kavu na peke yake ukiwa umesimama nyuma ya umati, sauti iko sawa, ikizama ndani ya besi, punguza besi. Umeme ukikatika kompyuta itaendelea kwa betri yake, lakini amplifaya itanyamaza, hivyo jenereta iwe imejaribiwa ikiwa na mzigo wote, mchana, si saa tatu usiku.

Kwa walio ufukweni, sauti husafiri mbali juu ya maji yaliyotulia, na besi haielekezwi upande mmoja kama sauti nyembamba. Majirani wataisikia hata spika zikitazama ziwa. Zungumza nao mapema, pitia ofisi ya kata na ya utamaduni kuulizia vibali, saa ya mwisho na tozo za hakimiliki, na uiheshimu saa hiyo.

Nusu saa ya mwisho teremka tena hadi karibu mapigo 115. Wimbo wa kufungia naacha kwa hiari ya kila mtu, ingawa mimi huvunja sheria na kupiga “I Feel Love” ya Donna Summer, iliyotengenezwa Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte mwaka 1977. Atakayelalamika kwamba haimo ndani ya miaka ya themanini yuko sahihi, na kwa kawaida huwa analalamika huku anacheza.