Kabla hujagusa sebule kwa sababu jiko limependeza

Jiko jipya lina tabia moja mbaya: linaiumbua sebule. Makabati yanang'aa, kaunta imenyooka kama rula, halafu unageuza shingo unakutana na kochi lililobonyea na ukuta wenye alama za viganja vya watoto. Siku hiyohiyo unataka kuita fundi. Usimwite. Pikia jiko hilo wiki tatu kwanza. Vumbi la kukata marumaru halijaisha kutua, na bado hujajua mvuke wa sufuria unaelekea wapi. Kama ukuta wa katikati umebomolewa, mafuta ya kukaangia yatafika kwenye makochi utake usitake, kwa hiyo vitambaa viwe vya kuvua na kufua. Ukiligundua hili baada ya kununua kochi jeupe, pole.

Simama kwenye mlango wa jiko, tazama sebule, kisha geuka utazame jiko. Chagua vitu viwili tu vya kuvusha: rangi ya mbao, labda, na aina ya chuma cha vishikio vya droo. Zaidi ya hapo unajenga jiko la pili lenye makochi. Mimi nilivusha rangi ya makabati hadi ukutani, ikaniadhibu. Nitafika huko.

Sakafu. Marumaru zikibandikwa juu ya sakafu ya zamani, pamoja na gundi yake, jiko hupanda sentimita moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi. Kizingiti kifupi kiasi hicho ni kibaya kuliko ngazi kamili, kwa sababu jicho haliioni tofauti, kidole cha mguu ndicho kinachoiona. Weka pima maji hapo mlangoni, ujue tofauti ni kiasi gani, uamue mapema kama utapandisha sebule au utaweka kipande cha mteremko. Na ukiamua kuendeleza marumaru zilezile, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Jina lilelile na kiwanda kilekile havitoshi. Toleo likiwa tofauti weupe unaweza kupishana, na mstari utauona pale mlangoni kila siku. Ongeza asilimia 10 juu ya vipimo kwa zitakazovunjika na zitakazokatwa.

Kochi: pima mlango, korido na kona ya ngazi, siyo sebule peke yake. Soketi na waya: zimalizwe kabla ya rangi. Ukuta unaopakana na sinki: upapase. Kama una unyevunyevu au rangi imevimba, funga mabomba yote, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja bila mtu kugusa maji. Namba zikiwa zimesogea, mwite fundi bomba. Fundi rangi atasubiri.

Sasa balbu.

Makabati yangu ni ya kijivu. Nilichomoa droo moja, nikaenda nayo dukani, wakachanganya rangi mpaka ikalingana nayo kabisa. Fundi akapaka sebule mikono miwili, yaani safu mbili, mchana nikaridhika, nikamlipa. Jioni nikawasha taa. Ukuta ukawa rangi ya maji ya kudekia, kijanikijani fulani kilichochoka. Nilimpigia fundi usiku uleule. Nilimwambia amechakachua rangi, kwamba kamalizia na kopo la nyumba nyingine, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Asubuhi alikuja, akanisikiliza kimya, akafunga mapazia, akaomba stuli. Akapanda akafungua balbu ya sebule, akaenda jikoni akafungua ya huko, akazibadilisha. Akabonyeza swichi. Ukuta ukawa kijivu, kilekile cha droo. Nikachungulia jikoni: sasa makabati ndiyo yaliyokuwa na rangi ya maji ya kudekia. Hakusema neno. Alifuta alama za viatu vyake kwenye stuli akairudisha alikoikuta.

Rangi hairudishi mwanga ambao haikupewa. Balbu ya njano ina mwanga wa buluu kidogo sana, kwa hiyo kijivu chenye ubaridi, yaani kinachoelekea buluu, hakina cha kurudisha, kinafifia na kuchafuka. Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. 2700 ni njano ya jioni, 3000 ni njano iliyopungua, 4000 ni nyeupe ya kati, 6500 ni nyeupe inayoelekea buluu. Jikoni nilikuwa na 6500, sebuleni 2700. Ningeweza kuiacha ile 6500 sebuleni, na nilijaribu kwa siku nne. Kila aliyekaa pale alionekana kama ametoka kulazwa, watu wakaanza kuhamia vyumbani. Mwisho nikaweka 3000 pande zote mbili, na kuta mbili zikapakwa upya kijivu chenye joto kidogo. Rangi mara mbili, fundi mara mbili, na kuomba radhi mara moja.

Kwa hiyo nunua balbu kwanza, zifunge zote, ndipo uchague rangi. Usipake sampuli ukutani, kwa sababu rangi ya zamani inayoizunguka itakudanganya. Paka mikono miwili kwenye boksi gumu lenye ukubwa wa karatasi ya A4, liache likauke kabisa, maana rangi ya maji ikiwa mbichi si ile utakayoipata ikikauka. Litembeze ukuta hadi ukuta: asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Liegemeze kwenye kochi. Lipeleke kando ya kabati. Siku mbili zinatosha, na ni bei ya kopo dogo.

Kama nyumba ni ya zamani, rangi ya chini inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa ikiwa kavu, na watoto na wajawazito wasiwepo kazi hiyo ikifanyika. Zulia lije mwisho kabisa hata kama limepunguzwa bei leo. Njia ya kupita kati ya jiko na makochi iwe sentimita 90, kwa sababu ni wewe utakayepita hapo na sufuria ya moto. Rangi iliyobaki ihifadhi, na juu ya kifuniko uandike chumba na namba ya mchanganyiko. Usimlipe mtu yeyote hela yote kabla hujawasha taa usiku. Usirundike vifaa vyote kwenye waya mmoja wa soketi nyingi, usitundike televisheni kabla hujajua waya umepita wapi ndani ya ukuta, na ukibadilisha balbu, zima kwanza, uiache ipoe.