Somo: Kupima na kukadiria hewa ukaa katika jiji la Mbeya

Naweka somo hili hapa ili swali la "mbona kifaa changu kinasoma chini ya kawaida" lipate jibu moja la kudumu.

1. Tumia kihisi cha mwanga wa infraredi. Vile vinavyokisia hewa ukaa kutokana na harufu havifai.

2. Kitundike nje, kivulini, mbali na pumzi za watu na majiko.

3. Sahihisha mgandamizo wa hewa. Kihisi huhesabu molekuli zilizomo ndani ya chemba yake, na kwa kuwa Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo ni kama hektopaskali 830 badala ya 1,013 za pwani, hewa ile ile husomeka pungufu kwa karibu asilimia 18. Kikionyesha sehemu 345 kwa milioni, zidisha kwa 1,013, kisha gawanya kwa 830. Utapata sehemu 421 kwa milioni, sawa na wastani wa mwaka 2023 wa Mauna Loa, kituo cha Hawaii kinachopima hewa ukaa.

Angalizo: vifaa vingi hujirekebisha vyenyewe, vikichukua kipimo cha chini kabisa cha siku kadhaa na kukiita 400. Ukizidisha juu ya marekebisho hayo utapata 488, nawe utawatangazia watu kwamba mtaa wetu wa Mwanjelwa unaungua. Zima kwanza kujirekebisha huko.

4. Kadiria uzalishaji kutokana na mafuta: lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, ya petroli kilo 2.3. Usitegemee mauzo ya vituo peke yake, kwa maana malori ya barabara ya TANZAM (Tanzania–Zambia) huweza kujaza mafuta mbali na kuyaunguza hapa. Hesabu magari yenyewe. Mkaa uandikie safu yake, kwa sababu kaboni ya miti huorodheshwa kando.

5. Rekodi upepo kila saa.

Maswali

*Mkuu, changu kinasoma 340, kimekufa?*

Soma hatua ya 3.

*Nimesoma. Nimetumia 1,016 ya taarifa ya hali ya hewa, hakuna kilichobadilika.*

Hiyo imekwisha kurekebishwa iwe kama imepimwa kwenye usawa wa bahari, ndiyo maana haisahihishi kitu. Tafuta barometa, uisome papo hapo kilipo kihisi.

*Shikamoo mwalimu. Mbona alfajiri kipimo hupanda ilhali barabara ni tupu?*

Marahaba, swali zuri. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi huteremka kutoka mlima Loleza na kutuama bondeni, na hewa yenye joto iliyo juu yake huifunika kama mfuniko wa sufuria, kwa hiyo kiasi kidogo tu cha gesi hutosha kupandisha kipimo. Zaidi ya hayo, udongo na mimea hutoa hewa ukaa usiku kucha. Ndiyo maana modeli, yaani hesabu ya kukadiria uzalishaji kutokana na vipimo, isiyojua kina cha hewa inayochanganyika itawabebesha madereva lawama isiyo yao. Ukiweza, pima pia monoksidi ya kaboni, gesi ya moto usioungua vizuri: zikipanda pamoja, shuku injini na mkaa; ikipanda hewa ukaa peke yake, angalia zaidi udongo na mimea.

*Na buibui wanaoingia kwenye kasha?*

Ziba matundu kwa kipande cha chandarua cha zamani kilichooshwa vizuri, na ukikague kila mwezi, maana vumbi la kiangazi hukiziba.

*Iringa nako nizidishe kwa namba hizo hizo?*

1,013 ibaki, 830 ni ya Mbeya. Weka unayoisoma Iringa.