Namna ya kuendesha darasa la nyota usiku wa kipupwe

Mwongozo huu nawaandikia walimu wenzangu wa nyanda za juu kusini: Njombe, Makete, Mafinga. Mwezi Julai mvua zimekwisha na kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, hupita karibu na utosi. Hakuna msimu mzuri kuliko huu, mradi baridi uipangie mapema.

1. Chagua usiku. Angalia kalenda ya Kiislamu. Kati ya tarehe 27 na tarehe 3 mbalamwezi haisumbui. Tafuta uwanja ulio wazi upande wa kusini.

2. Jikingeni na baridi. Sweta mbili, kofia, soksi nzito, blanketi, na jamvi la kukalia. Chai ya tangawizi iwe tayari kwenye chupa. Mwanafunzi anayetetemeka hafundishiki.

3. Zimeni taa. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na simu moja tu ikiwaka mnaanza upya. Tochi yako ifunge kitambaa chekundu.

4. Tafuteni kusini. Hapa usiwe na haraka, na darubini ibaki kwenye sanduku lake. Ikifika saa mbili usiku, elekeeni kusini: nyota mbili, Alpha Centauri na Beta Centauri, zinang'aa pamoja. Mstari wake ukiufuata kwenda kulia unafika kwenye Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ulioinamia magharibi. Toka kichwani mwa Msalaba, pitia mguuni, kisha endelea mbele mara nne na nusu ya urefu wake. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota za kusini huonekana kuzunguka.

Sasa kila mmoja anyooshe mkono, akunje ngumi na kuiweka juu ya upeo wa macho. Ngumi hufunika kama nyuzi 10. Njombe iko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta, na ncha hiyo huinuka kwa nyuzi hizohizo, kwa hiyo wataiona juu kidogo tu ya upeo, kimo cha ngumi. Wamepima latitudo ya shule yao kwa mkono mtupu! Waache wabishane, wapime tena. Kwangu mimi, hili ndilo somo lenyewe.

5. Toa darubini. Saa nne usiku Nge, kundi la nyota lenye umbo la nge, yuko juu kabisa. Waulize kwanza kwa nini Antares, nyota yake ing'aayo zaidi, ni nyekundu: uso wake una joto dogo kuliko wa Jua. Kisha elekeza darubini kwenye kundi la nyota liitwalo M7, karibu na mwiba wa Nge. Anayechungulia asipumulie lenzi, itafanya ukungu.

6. Kwa wa bweni. Waamshe saa kumi na nusu alfajiri, watazame mashariki: Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kimeshachomoza. Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Waambie wakumbuke hali ya hewa ya Mei, Kilimia kilipozama, kisha waeleze wenyewe mwaka huu kilizama kwa lipi. Blanketi wasiziache, saa hizo baridi huuma kuliko usiku.